Ukurasa wa Thelathini na Moja

Mpiga picha alimwambia Kuppammal atabasamu.
Kidogo tu, alisema, meno mawili yanatosha,
na mtungi aushike hivi, nembo itazame kamera.
Kuppammal akatoa meno mawili.
Nyuma yake kisima alichochimba baba mkwe wake
kilikuwa kimefunikwa bati, juu ya bati jiwe,
juu ya jiwe paka.

Maneno ya chini ya picha niliandika mimi,
Vennila, karani wa hesabu, ghorofa ya pili,
Kiwanda cha Ngozi cha Thangavel na Wanawe.
"Maji safi, jamii yenye furaha."
Ukurasa wa thelathini na moja,
baada ya mwenyekiti akipanda mwarobaini,
kabla ya jedwali la gawio.

Mwarobaini ule ulikauka mwezi wa tatu.
Unatibu maradhi arobaini, wanasema.
La arobaini na moja hupita mferejini nyuma ya ghala,
samawati asubuhi, kutu jioni,
kutegemea viatu vinakwenda nchi gani.

Sisemi kiwanda ni shetani.
Kilimlipia kaka yangu karo.
Mama alipovunjika nyonga, gari lilikuwa lao.
Watu mia sita hapa Kallipettai hula kwa mkono ule,
na mkono ule ule ndio ulioshika bomba.

Nilitakiwa niandike "wadau".
Kidole kikateleza: "wadai".
Herufi moja. Nikaifuta,
kisha nikakaa nikiitazama nafasi yake
kama ulimi unavyorudi penye jino lililong'oka.
Mdau hualikwa, hupewa kofia na biskuti.
Mdai huja mwenyewe
na ana karatasi.

Wenye hisa wana hisa.
Wa kando ya mfereji wana hisani:
mitungi mia mbili, jezi, madaftari yenye nembo,
kambi ya macho kila Januari.
Nikaitafuta hisani katika vitabu vyangu, iko safu gani?
Matangazo. Mstari wa saba, chini ya kalenda.

Ndipo akaja mnunuzi kutoka Denmark,
Torben Ravnkilde, mrefu kama mlingoti,
chupa tupu mfukoni.
Wali ulikwisha pakuliwa kwenye majani ya mgomba.
Akapita wali, akapita ripoti,
akaenda nyuma ya ghala, akachutama.

Miezi minne bila oda.
Watu tisini walirudishwa nyumbani,
wa kwanza Ezhilan, mwana wa Kuppammal.
Haki nayo ina njia zake za kuanzia chini.

Mtambo wa kusafisha maji ulijengwa kwa mkopo.
Faida ilianguka nusu, mwenyekiti akauza gari moja.
Mwaka wa pili oda zikarudi,
bei juu rupia kumi na moja kwa futi,
na Ezhilan akarudi, si kwa mshahara ule ule.
"Tulifanya kwa moyo," mwenyekiti aliwaambia wenye hisa.
Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa na tarakimu mapajani,
nikapiga pia.

Jana Kuppammal alipanda ngazi hadi mezani kwangu.
Hakuwa na mtungi. Alikuwa na daftari,
lile la msaada, nembo juu ya jalada.
Ndani, kwa penseli, miaka sita:
tarehe, ndoo, bei ya boza,
siku alizokosa kibarua akingoja foleni,
dawa ya ngozi ya mjukuu.
Hakuna kurasa tupu. Alitumia hadi upande wa ndani wa jalada,
penye wimbo wa kampuni.

"Wewe ni mtu wa hesabu," alisema. "Nijumlishie."

Nilijumlisha mara mbili.
Kuna mahali alijipunja, siku tatu za Mei.
Nikamwonyesha. Akaziongeza.

Ripoti ya mwaka huu inatakiwa Ijumaa.
Mpiga picha ameshaleta picha: kisima, bati limeondolewa,
maji bado yana utando.
Paka amehamia ukutani.
Nafasi ya maneno ni mstari mmoja.
Daftari liko hapa, chini ya kiwiko changu.
Sijaandika kitu.