Mtofaa wa Safu ya Pili

Ulianguka usiku wa theluji ya maji,
ile nzito, inayokaa kwenye tawi kama mgeni asiyeaga.
Asubuhi tuliukuta umelalia ubavu,
mizizi nje, imekumbatia udongo wake,
na kileleni matofaa matatu tuliyoyasahau, meusi,
bado yameng'ang'ania.

Mama alikuja na fimbo ya skii, moja tu,
akaligonga shina mara mbili, kama apigaye hodi.
"Huu sawa," akasema. "Safu ya tatu ndiyo usiilete.
Ile baba yako aliipulizia dawa mpaka nyuki wakahama.
Moshi hausahau."

Nikawasha msumeno.
Matawi kwanza: ya unene wa kidole ni ya kuwashia,
ya unene wa kifundo cha mkono ni ya banda la moshi,
yanayozidi hapo yataingia jikoni, chini ya sufuria.
Jostein, mtoto wa dada yangu, miaka tisa,
aliyavuta kwa sleji, akayagawa kwa kanuni yake mwenyewe:
yanayofanana na bunduki,
na yasiyofanana.

Nilipofika kwenye shina
msumeno ukalia, cheche zikaruka, meno manne yakang'oka.
Ndani ya mti, kimo cha bega langu, palikuwa na chuma:
pete tatu za mnyororo, zimemezwa,
mbao imezifunga pande zote, wekundu wake ukiingia weusi,
kama fizi iliyofumba juu ya jino.

Bembea ya Eivind.
Hakuna aliyekumbuka kuifungua alipoacha kubembea,
wala alipoacha kuja Krismasi.
Mti ulikuwa na kazi yake ya kunenepa.
Ukanenepa.

Mama alizitazama zile pete, akabandua gome kwa ukucha.
"Kata juu yake, kata chini yake.
Hicho kipande nipe mimi."

Mtofaa haupasuki kwa adabu kama msonobari.
Nyuzi zake zimejisokota;
unapiga, shoka linakwama, unalichomoa, unahama pembeni,
unaomba radhi, unapiga tena.
Ukikubali hutoa harufu ya kabati la bibi,
ya siki, ya sukari iliyoungua kidogo.
Tulisugua kuvu na ndevu za kijani kwa brashi ya waya,
maana kuvu ikiungua huacha uchungu kwenye nyama,
tukazipanga kuni chini ya ukingo wa paa
upande unaopigwa na upepo wa hori,
gome juu, ncha zikitazama maji.

"Majira mawili ya joto," akasema mama.
"Moja halitoshi. Ukizichoma mbichi zitakupa masizi."
Ana miaka themanini na mitatu.
Alisema majira mawili
kama mtu anayeagiza mkate wa kesho.

Na leo bandani mbavu za kondoo zinaning'inia
juu ya kuni alizozipanga baba,
safu iliyonyooka kama mstari wa daftari.
Mwaka juzi alichukua vipande viwili, akavigonganisha sikioni,
akasema, "Bado."
Leo nimevigongana mimi.
Vinalia kama vikombe.

Mama alitoa penseli ya seremala mfukoni mwa aproni
akaandika mwaka kwenye ncha ya ukuni wa mbele.
Si mwaka huu. Ule wa kuzichoma.
Tarakimu kubwa, bila kutetemeka,
kisha akaipuliza ncha, vumbi likatoka.

Kile kipande chenye pete kiko dirishani jikoni.
Hakikauki sawasawa: kimepasuka upande mmoja,
chuma kinachungulia.
Jostein anauliza kama kitawaka.
"Mbao itawaka," anasema mama.
Halafu anamtuma nje
akaangalie kama banda bado linafuka.