Laini ya Kumi na Sita

Mashine ina milango kumi na sita.
Kumi na mitano nimekwisha igawa:
mapokezi, dawa, maabara, wodi ya wazazi,
chumba cha daktari wa zamu (mara mbili, maana
daktari mmoja hataki kushiriki na mwenzake),
jikoni, bohari, hadi kibanda cha jenereta
ambako simu itapigwa tu
na mtu anayeuliza kwa nini jenereta halijawashwa.

Rangi nazikariri kama mtoto wa chuoni na alifu yake:
buluu, chungwa, kijani, hudhurungi, kijivu,
kila mmoja na mweupe wake, mume na mke,
wamesokotwa ili wasisikie ya jirani.
Ukiwasokotoa kupita kiasi
laini huanza kuvuma,
na muuguzi wa wazazi
atamsikia mpishi akigombana na muuza mkaa.

"Imebaki moja," nikamwambia Bi Asaa, metroni.
"Tuilete ofisini kwako, iwe ya akiba?"
Hakuinua macho kwenye daftari la zamu.
"Ipeleke chumba cha maiti."

Nikacheka. Peke yangu.
Nikauliza, kama mpumbavu, "Nani atapiga kule?
Na nani atapokea?"
"Yuko Shaame," akasema, akafunua ukurasa mwingine.

Mita themanini na mbili za kebo,
juu ya mfereji wa mvua, nyuma ya chumba cha dobi,
kupitia kisanduku cha zamani ambamo mjusi kafiri
amekaukia baina ya skrubu mbili
na fundi wa kabla yangu ameandika kwa penseli USIGUSE
bila kusema nisiguse nini.
Niligusa vyote.

Shaame Kombo alinikuta ngazini.
Mtu mrefu, koti la ulinzi limemwishia viwikoni.
Hakuuliza ni simu ya aina gani.
Aliuliza, "Umeme ukikatika, itaita?"
Nikamweleza: chombo chenyewe hakichomekwi ukutani.
Kinakula kwenye laini,
volti arobaini na nane kutoka betri za mapokezi.
Wete nzima ikizima,
hiki kitabaki macho.
Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa
hesabu inayotoka sawa.

"N'na miaka kumi na mmoja hapa," akasema.
"Hawa hawana neno. Wageni wazuri.
Ila saa nane za usiku mtu hutamani
kuambiwa, hebu rudia, sikusikia."

Nilikuwa naimenya jozi ya mwisho kwa meno
(kosa la ufundi, najua, koleo lilikuwa chini ya ngazi)
pale volti tisini ziliponipita ulimini.
Nikaruka. Nikataja jina la Mungu,
kisha neno jingine lisilofaa kukaa karibu nalo.
Laini ya maiti, haijafika hata kwenye soketi,
nani anapiga?
Kicheko kilimkalisha Shaame chini.

Alikuwa Khatibu, mwanagenzi wangu, huko mapokezi,
amechoka kusubiri, anajaribu
namba moja baada ya moja mpaka anipate.

Nikaibana jozi, nikafunga kifuniko.
Simu ikaita tena, safari hii kwa sauti yake.
Shaame akapangusa viganja kwenye koti,
akakiinua kipokeo kwa mikono miwili
na badala ya "haloo" akasema,
"Hodi."

Kimya.
Kisha Khatibu, kwa kukosa la kujibu:
"Karibu."

Orodha niliibandika ukutani mapokezi.
Mstari wa mwisho: 116, Maiti.
Bi Asaa akatoa kalamu mfukoni, akakata,
akaandika juu yake, Shaame,
kisha akaniuliza lini nitaziba
lile tundu nililolitoboa wodi ya wazazi.