Saa Nane na Dakika Nne

Mji wa Halvard, Minnesota, watu elfu mbili na ushei.
Zabuni ya chumvi ya barabara, tani mia sita.
Mezani bahasha tatu zilizofungwa, kisu cha siagi,
na ukutani saa
ambayo karani Merle Tostrud huirekebisha kila Jumatatu.

Saa nane kamili akazifungua. Akasoma bei kwa sauti,
ingawa chumbani mlikuwa na diwani mmoja tu, akipiga miayo.

Saa nane na dakika nne, mlango.
Dwayne Ruud, nyusi zimeshika theluji,
bahasha kifuani, ndani ya koti, kama mtoto wa paka.
Ndiye amkwanguliaye Merle njia ya gari
tangu mumewe azikwe, bila kudai senti.

“Daraja limeganda, Merle.”

Akachukua muhuri. IMECHELEWA.
Akamrudishia, gundi haijaguswa.

Wasemao sheria ni msumeno
hawajapata kuushika mpini.

Theluji ikaanguka usiku kucha.
Alfajiri akatoka na koleo:
Dwayne kakwangua mpaka kwenye ua wa jirani,
akakomea hapo.

Merle akainama, akaanza.
Bei iliyokuwamo, hata leo haijui.