Utenzi wa Zizi

Kalamu ya kujazia
fomu za mkojo pia
ndiyo ninayotumia,
na chai i mkononi.

Sinao wino wa enzi,
wala si mimi mtunzi
nifunguaye utenzi
kwa manukato chanoni.

Yangu hadithi yanuka,
usije ukanicheka,
bali ndiyo ilozuka
kwa wazee wa Lutoni.

Nyumba ninayolelea,
juu ndege zaelea,
na wakongwe hungojea
saa tatu luningani.

Zizi ndilo lake jina:
watu kumi hubanana
usiku hata mchana,
na mbuzi wawili ndani.

Kamera zachungulia
wakinuna, wakilia,
kwapa wakijinusia,
nasi tumo makochini.

Alikuwamo Shanisi,
msusi mwenye matusi,
kope nene na nyeusi
kama jongoo shambani.

Na Bari, bwana kitambi,
asiyekiri madhambi,
maneno yake hafumbi,
na nywele za kifuani.

Taa wakishazizima,
pakawa kimya kizima,
mara zizi likavuma
kwa mlio wa mwilini.

Haukuwa wa kuficha:
mrefu wa kutokucha,
mbuzi nyasi akaacha,
akasogea pembeni.

"Ni yeye!" kasema Bari.
Shanisi kaja kwa shari:
"Hilo tumbo lako gari,
linatoa moshi chini!"

Mtangazaji kanena
kwa meno meupe sana:
"Pigeni kura, mabwana,
nani kajamba gizani?

Ni pauni moja simu,
na jibu lenu muhimu,
nchi nzima ina hamu,
msilale majumbani."

Kukicha, nchi vipande
viwili, kila upande
wataka wenzake wende
wakazikwe baharini.

Fulana zikachapishwa,
mabango yakapandishwa,
ndoa ikaahirishwa
pale pale kanisani.

Profesa kaja na chati,
kafafanua sauti:
"Hii," asema, "ni noti
ya mla dengu jioni."

Kwetu nako uadui
ukawa kama wa chui;
Nora kawa hanijui,
sababu simo kambini.

Klifodi na mke Dori,
miaka sitini shwari,
waligombana kwa Bari,
wakatengana chumbani.

Dori: "Nami nimemeza
yako usiku wa kiza,
kimya, sijakutangaza,
sitini humo shukani!"

Ndipo mzee Jaswanti
kapanga safu ya viti,
iwe ukuta wa kati,
mpaka wa sebuleni.

Nami na vidonge vyangu,
nikivuka kwa mizungu,
naulizwa kura yangu
kama niko forodhani.

Fainali ikafika,
keki kimya zikalika,
bahasha ikafunuka,
roho zetu mikononi.

Kabla hawajataja,
mlio wa pili waja,
tena wa kwetu, mmoja,
si wa kule luningani.

Mkavu, wenye heshima,
ukapanda, ukakoma,
ukarudi tena nyuma
kama mwizi mlangoni.

Tukatazamana. Kisha
Dori kicheko kashusha;
Klifodi akadondosha
meno ya bandia chini.

Wakacheka hadi mate
yakawaponyoka, wote;
Jaswanti na viti vyote
wakalala sakafuni.

Kashinda nani kwa wale
hatukujua, kwa zile
kelele; na chai ile
ikapoa vikombeni.

Usiku nikizungusha
tochi, sikuwaamsha:
Dori mto kahamisha
kwa Klifodi, ubavuni.

Nje, mji haujapoa:
jirani yetu kang'oa
bango, mwenziwe katoa
nyundo yake garajini.

Tamati hapa natia.
Kawaida yatwambia
jina lipate ingia
la mtunzi, ukingoni.

Langu leo sitaweka,
maana nikitajika,
na mlio ulotoka
mtajua ni wa nani.