Pikseli Tisini Kwenda Chini

Programu niliipata bure, kwa bando la usiku wa manane,
saa ambazo mtandao huuzwa bei ya vitumbua.
Haijawahi kunidai senti wala leseni.
Kitufe cha R kwenye laptopu yangu kiling'oka tangu masika;
kila R nachokonoa kwa kifuniko cha kalamu.

Kibanda kipo Mwananyamala, si mbali na geti la hospitali.
Watu huleta vyeti, fomu, picha za pasipoti.
Leo kaja Fundi Anselmi Mkude,
vumbi la mninga limemkaa kwenye nyusi.
Bintiye Prisca, aliyeko Mtwara, kamfungulia tovuti.
"Anasema panatakiwa bango la juu.
Juu ya nini, sijui."

Fundi anauza majeneza.

Nafungua ukurasa: mia saba ishirini na nane kwa tisini.
"Mbona kama rula?"
Ndiyo rula yenyewe, Fundi. Humo ndimo tuenee.
"Haya. Kupima ndiyo kazi yangu."

Anataka waridi. Anataka njiwa, msalaba, mawingu,
namba tatu za simu na ya nne ya shemeji,
bei kwa wino mwekundu,
na OFA iwe inawaka na kuzima.
Naweka vyote, tabaka juu ya tabaka.
Mteja habishiwi; huachwa aone.
Anaona.
"Limejaa," anasema, "kama droo ya misumari."

Basi tunapunguza.
Pembeni mwa kila tabaka kuna kijicho;
ukikigusa, kitu kinatoweka.
Njiwa huyoo. Waridi nalo.
"Umelifuta?"
Hapana, nimelificha tu.
"Kwa hiyo bado lipo."
Lipo, chini.
"Ukilitaka, linarudi."
Linarudi, Fundi.
Akakitazama kile kijicho muda mrefu,
mpaka nikajutia jibu langu.

Nilikuwa katikati ya RAMBIRAMBI, R ya pili,
Luku ikakata.
Na betri yangu ni pambo. Na sikuwa nimehifadhi.

Gizani, Fundi akasema, bila kuulizwa:
"Wanaokuja kwangu huja saa kama hizi, na baadaye zaidi.
Hugonga kwa kiganja, hawagongi kwa ngumi.
Bei huulizwa kesho yake, na mjomba.
Usiku ule swali ni moja tu: Upo?"

Nikanunua umeme wa elfu mbili,
nikaingiza tarakimu ishirini kwa mwanga wa simu yake.
Bango halikuwepo. Hata chini halikuwepo.
Hakuna aliyelitaja waridi.

Nikaupiga picha mkono wa shati lake,
nikachovya kidonea rangi kwenye vumbi la mninga,
nikalimwaga likawa usuli, ncha hata ncha.
Herufi nyeupe, nene kiasi, upande wa kushoto:
TUPO HATA USIKU.
Namba moja ya simu. Basi.

Akaweka shubiri kwenye kioo.
"Na huku kote, patupu?"
Patupu. Nilijiandaa kujitetea,
nimweleze habari za jicho na mahali pa kupumzikia.
Hakunipa nafasi.
"Sawa. Hata mimi huacha vidole viwili kila bega.
Mtu asibanwe."

Kilobaiti kumi na moja. Nikamtumia Prisca palepale.
Nilisema elfu tano; akaweka saba, akapima kitu
kwa ukucha kwenye kibodi yangu, akaenda zake.

Alhamisi akaleta kipande cha mninga, kidogo kama punje ya hindi,
kimepigwa msasa, R imechomwa kwa msumari wa moto.
Kinakwama kidogo.
Nikibonyeza harakaharaka huandika rrr,
nami narudi nyuma, nafuta mbili,
nabakiza moja.