Thelathini kwa Mbili

Sanamu ya darasani haina miguu.
Mwalimu Kyakimwa anatuhesabia: thelathini, kisha pumzi mbili,
magoti yetu juu ya sakafu ya mawe ya volkano.
"Bonyeza! Huo si unga wa mandazi."

Nilifaulu mtihani wa mifupa,
nikaanguka ule wa damu. Nikarudia.

Jumanne, Birere, chukudu imepinduka na magunia ya makaa.
Msukumaji chali, midomo rangi ya majivu.
Nikapiga magoti. Moja, mbili…
Kwenye kumi na saba ubavu ukalia chini ya kiganja changu,
ka! kama ukuni mkavu.

Sanamu haikuwahi kulia.
Haikuwa na jasho, wala jina
la mwanamke kuliita nyuma yangu:
Paluku. Paluku.

Kumi na nane.