Vijineno vya Nyuma

Jumatatu na Jumatano, baada ya Isha,
juu ya duka la dawa pale Sib,
tunakaa watu wazima kumi na mmoja
kwenye viti vyenye kibao cha ubavuni
kilichopimwa kwa matumbo ya watoto.

Mwalimu wetu Marivic, Mfilipino, sauti ndogo, wino mwekundu,
anasema kitenzi cha Kiingereza hakitembei peke yake:
kina kijineno nyuma, kama mkia wa mbuzi,
na mkia ndio unaomgeuza mbuzi kuwa punda.

Naandika daftarini kwa herufi zetu, ninavyosikia.
Giv ni kutoa. Ap ni juu.
Giv ap: nikadhani ni sadaka,
kitu kinatolewa, kinapanda mbinguni.
Kumbe ni kukata tamaa.

Luk ni kutazama, afta ni baada ya.
Ukiviunga, ni kulea.
Hapo nilinyamaza.
Nilimkumbuka mama, miaka ile ya kiharusi:
wageni wameshamtazama, wameshaacha glasi za sharubati,
na Ghanima, mke wangu, bado yupo na kijiko,
anatazama baada yao.
Hiyo niliielewa bila kamusi.

Nyengine zinanichosha.
Brek dauni: gari haikufunga breki hata kidogo,
imekufa njiani, jua la Juni, maji yamekwisha.
Teik of: ndege inaruka; tena, unavua viatu.
"Sasa mtu ajuaje," akauliza Zamzam wa benki, "avue au aruke?"
Tulicheka mpaka mwenye duka akagonga dari kwa ufagio.

Sisi mkia tunaumeza, nikajisifu.
Piga, pigia, pigana, pigisha:
kitenzi kinanenepa tumboni, nje huoni kitu.
"Na kupiga pasi?" Zamzam tena. "Kupiga mswaki?
Mswaki umekosa nini?"

Kazi ya nyumbani wiki iliyopita: fol auti.
Kuanguka nje. Maana yake kukosana.
Niliandika: mimi na ndugu yangu Mohsin tumeanguka nje,
mwaka wa nne huu,
kwa ajili ya kiwanja cha Barka
chenye mgunga mmoja na bomba lisilotoa maji.
Marivic akaweka tiki.
Pembeni, kwa wino wake: na sasa?

Wiki hii ni meik ap.
Ni kupatana. Tena ni poda na wanja.
Tena ni kutunga uongo.
Nimeuacha mstari mtupu.

Jana, kituo cha petroli cha Mabela,
namwambia kijana wa Kibangali "fil ap", naye anajaza,
tumeelewana kwa maneno mawili.
Pampu ya pili, Mohsin.
Mvi zimemteremkia kidevuni.
Anahesabu baisa kiganjani kama alivyokuwa akihesabu baba,
anazisukuma kwa kidole gumba.
Hakuniona. Au aliniona.

Put ap widh: weka, juu, pamoja na.
Mzigo wote ule, kwa kusema kuvumilia,
tena anavumilia mmoja tu.
Nyumbani tulikuwa na neno ambalo mama alilitumia
akitugawia godoro moja:
chukulianeni.
Wewe umchukue, naye akuchukue.
Hakusema nani aanze.

Marivic hajafika kwenye neno
la kumpigia mtu simu wewe kwanza.
Litakuwepo. Litakuwa na mkia wake.
Nambari nimeihifadhi tangu zamani,
inaishia saba mbili.